Hesabu Siku Kuanzia Mvua

Kila majira ya kupanda yakaribiapo, wakulima wengi wa skimu zetu za Meru na Embu huuliza hivi: "Nitapangaje kazi, nami sijui mvua itanyesha lini?" Swali hili ni la haki, maana hakuna mtu aijuaye siku hiyo. Lakini wengi wetu hujijibu vibaya. Hukaa wakingoja, na mawingu yakishafunga juu ya Mlima Kenya ndipo watafutapo jembe, mbegu na mbolea kwa siku moja. Kazi ya wiki nne hutaka kufanywa kwa siku mbili, na maji yaliyokuja kwa ajili ya mahindi huteremka mpaka Mto Tana. Mimi nasema kwamba kutoijua siku ya kuanza ndiyo sababu kubwa ya kupanga mapema.

Tazameni miaka ya karibuni. Mwaka 2019 mvua za Machi zilichelewa mahali pengi mpaka Aprili, kwani tufani iitwayo Idai ilipiga Msumbiji na kuvuta unyevu wa hewa upande huo. Tangu mwisho wa 2020 mpaka 2022, majira matano ya mvua yalifuatana yakiwa mabaya katika sehemu kavu za Kenya. Kisha mwisho wa 2023 mvua ikazidi hata ikaharibu barabara na mashamba. Idara ya Hali ya Hewa hutangaza kabla ya majira wiki ambayo mvua hutazamiwa kuanza katika kila sehemu, na yafaa tusikilize. Lakini wiki si siku. Mkulima aliyeandika mwaka 2019 kwamba atapanda tarehe 20 Machi alikuwa na kalenda nzuri na shamba kavu.

Hata watu wenye fedha nyingi wameshindwa na jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Tanganyika, na makao ya kwanza yalikuwa Kongwa. Hesabu ya ekari za kila mwaka ilikwisha kuandikwa London kabla ya matrekta kufika. Matrekta yalichelewa, vichaka vikawa vigumu kung'oa, mvua haikuja kama ilivyotazamiwa, na jua lilipowaka udongo ulikauka ukawa kama tofali. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Watu wale hawakukosa mpango. Walikuwa nao, lakini mpango wenyewe ulifungwa kwenye tarehe, na udongo haujui kusoma tarehe.

Sasa fikirini kuku. Mama wa nyumbani hajui kuku wake atalalia mayai siku gani. Lakini siku ile alalapo, mama huanza kuhesabu, naye anajua kwamba siku ya 21 vifaranga watatoka. Ng'ombe naye ni vivyo hivyo: apandwapo, huhesabiwa miezi tisa, na miezi miwili kabla ya kuzaa huachwa kukamuliwa. Basi hesabu ya namna hii haikutoka katika kitabu. Iko nyumbani mwetu tangu zamani. Linalobaki ni kuipeleka shambani.

Chukua daftari la shule na uzigawe kazi zako katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kazi zisizongoja mvua: kulima, kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko, kubeba samadi, kununua mbegu na mbolea, kutengeneza plau, kupatana na mwenye trekta. Hizi zipewe tarehe, nazo ziwe zimekwisha ifikapo mwisho wa Februari kwa mvua za Machi, na mwisho wa Septemba kwa mvua za Oktoba. Mvua ikichelewa hutapoteza kitu, ila utapumzika. Ikiwahi, itakukuta tayari.

Fungu la pili ni kazi zinazofuata mvua. Hizi usizipe tarehe, zipe namba. Siku ya 1 mpaka ya 4, kupanda. Wiki ya pili, kukagua na kurudishia mashimo matupu. Wiki ya tatu, palizi ya kwanza, na kutazama viwavi ndani ya majani machanga. Wiki ya tano au ya sita, mahindi yafikapo magotini, kutia mbolea ya kukuzia ikiwa udongo una unyevu. Karibu na mwezi wa tatu, kuvuna maharagwe. Kando ya kila namba acha nafasi tupu. Siku mvua inyeshapo, mtoto wako ajuaye kuandika atajaza tarehe zote kwa dakika kumi.

Fungu la tatu ni madai yasiyojali mvua, kama ada ya shule na mkopo wa chama. Usiahidi kulipa tarehe fulani kwa mahindi ambayo bado hayajapandwa. Omba chama kihesabu malipo tangu mavuno, au utenge mbuzi au maziwa kwa deni hilo.

Mtu atauliza, Siku ya 1 ni ipi? Matone ya kwanza yasikudanganye. Chimba kwa panga. Udongo ukiwa umelowa kiasi cha shubiri moja, hiyo ndiyo Siku ya 1. Huko chini, Tharaka na Mbeere, wako wanaopanda katika udongo mkavu kabla ya mvua, kwa kuwa mvua yao ni ya siku chache. Kwao kupanda kumo katika fungu la kwanza. Lakini wabakize mbegu nyumbani, maana mvua ya uongo huweza kuotesha mahindi kisha ikayaacha yafe.

Tena kila mpango uwe na siku ya kukata shauri. Mvua za Machi hupungua karibu na mwisho wa Mei. Kwa hiyo mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kwenu ni siku gani ambayo, ikipita bila mvua ya kweli, si busara tena kupanda mahindi yachukuayo muda zaidi kukomaa. Iandike daftarini kwa herufi kubwa. Siku hiyo ikipita, Haibridi 511 irudi ghalani, na shamba lipandwe mahindi ya Katumani, kunde, ndengu au mtama. Amueni jambo hili mapema, tumbo likiwa limeshiba, kwa sababu mtu aamuaye akiwa na hofu hupanda alicho nacho mkononi.

Katika skimu ya mpunga ya Mwea, ambayo zamani ilikuwa katika Wilaya ya Embu na sasa imo Kirinyaga, hesabu hii hugeuzwa. Maji ya mito Thiba na Nyamindi hugawiwa kwa zamu, na miche ya mpunga haitakiwi kuzeeka kitaluni. Mkulima huko huanza na zamu yake ya maji, kisha huhesabu kurudi nyuma kiasi cha wiki tatu au nne ili ajue siku ya kusia mbegu. Jambo ni moja: tafuta lile tukio ambalo kazi nyingine zote hulifuata, kisha uhesabu kutoka hapo, mbele au nyuma.

Watu wa Mwea watufundishe neno jingine, nalo ni zamu. Majirani kumi wakitaka trekta moja Siku ya 1, ugomvi ni lazima. Lakini wakipiga kura mwezi wa Februari wajue nani wa kwanza na nani wa kumi, hawahitaji kujua tarehe. Na aliye wa kumi, akijua mapema, atatafuta ng'ombe wa kulimia.

Najua wengine watasema kwamba mkulima hawezi kuwa tayari mwezi wa Februari ikiwa mbolea hufika Aprili. Neno hili ni la kweli, na halimhusu mkulima peke yake. Mwaka 2023 Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku mpaka Sh. 2,500, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mfuko wa bei nafuu ukifika mahindi yakiwa magotini, mbolea ya kupandia imekosa kazi yake. Vyama vya ushirika na maofisa nao wafunge ghala zao kwa hesabu hii hii: mifuko iwe imefika kabla ya Siku ya 1, wala isingoje siku ya mkutano.

Ndugu wakulima, mvua hatuiamrishi. Lakini daftari, kura ya trekta na panga la kupimia udongo vimo mikononi mwetu. Andikeni namba zenu sasa, kabla mawingu hayajafunga.