Hati ya Mtu Mmoja Haichimbi Mtaro

Cha wote hakina mwenyewe. Ndivyo tunavyoambiwa kila panapozuka suala la ardhi ya pamoja, yawe malisho ya Kajiado au uwanja wa watoto Kibera: igaweni, kila mtu ashike hati yake, maendeleo yatafuata. Imani hii imeitawala Kenya tangu Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kikoloni wa kuwapa wakulima Waafrika hati za mtu mmoja mmoja, na imetudhuru.

Anayetaka ushahidi atoke Kibera aende Kawangware. Sehemu kubwa ya Kawangware ni ardhi ya watu binafsi. Ilikuwa mashamba ya familia za Dagoretti, yakatolewa hati, yakakatwa ploti, ploti zikajazwa vyumba vya mabati. Hati zipo. Mbona basi mitaro imeziba, na mpangaji hununua maji kwa mtungi sawa na mwenzake wa Kibera? Kwa sababu kila mwenye ploti alijenga hadi mwisho wa mpaka wake. Njia, mtaro na uwanja wa mpira havikuachiwa nafasi, kwa kuwa havikuwa vya mtu.

Kibera ilianza kinyume. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, na familia zao. Leo mitaa kama Ngumo na Jamhuri imesimama juu ya ardhi hiyo. Je, Wanubi ndio walioshindwa kutunza cha pamoja? Hapana. Ardhi ilimegwa kwa kalamu ya serikali, kipande baada ya kipande. Ripoti ya Ndung'u ya 2004, ya tume iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilionyesha ugonjwa huohuo nchi nzima: misitu, viwanja vya shule na akiba za barabara vikigawiwa wakubwa. Anayesema cha wote hakina mwenyewe humtakasa mnyakuzi na kumlaumu aliyenyang'anywa.

Imani hii ina wasomi wake pia. Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika kwamba malisho ya pamoja lazima yaharibike. Lakini malisho aliyoyawaza hayakuwa na mzee, kamati wala faini. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi 2009, alichunguza malisho, misitu na mifereji halisi, akakuta wenyeji waliojiwekea kanuni na kuwaadhibu wakaidi wakivitunza kwa karne kadhaa. Kwetu, kule Silanga, Kibera, kando ya Mto Ngong, wakazi walishirikiana na shirika la Kounkuey Design Initiative kugeuza jaa la taka kuwa uwanja wa wote, na kikundi chao ndicho kilichopewa kuutunza.

Mashambani nako kugawa kumetufikisha wapi? Vihiga na Kisii shamba limekatwa kutoka baba hadi mwana mpaka halilishi nyumba moja, na mwana huyo ndiye anayekuja kupanga chumba Kawangware. Kajiado ranchi za kikundi ziligawanywa, wengi wakauza, na nyua zikaziba njia za mifugo, zilezile zinazohitajika kiangazi kinapokaza.

Sisemi neno "jamii" linatibu kila kitu. Kweli, mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya pamoja ya ekari 288 Kibera, haki iliyokuwa imechelewa karibu karne nzima. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka theluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa waridhie kabla ardhi ya jamii haijauzwa, kinga ambayo hati ya mtu mmoja haina. Lakini wakazi wengi wa Kibera ni wapangaji. Wao ndio wanaochota maji, wanaotumia choo na wanaofurikiwa mvua ikinyesha, na bado mambo ya ardhi wanaamuliwa na wenye nyumba na chifu. Ardhi ya pamoja inayomfungia mpangaji nje ni ya pamoja nusu tu. Kila kamati ya maji, ya choo na ya njia imsajili mpangaji, apige kura, naye aweze kuchaguliwa mweka hazina.