Mikono ya mtoto inajifunza mbele ya kuingia masomo



Kila Septemba, wakati masomo yanafunguka, tunaona jambo moja. Mtoto wa miaka 6 anapewa kaye na kreyo, lakini vidole vyake havimtii. Anashika kreyo na ngumi nzima, anakandamiza mpaka karatasi inapasuka. Nyumbani anasikia: « Huyu mutoto ni mujinga! Makuta ya masomo inapotea bure! » Wengine hata wanapigwa. Mara nyingi akili yake ni nzima. Ni vidole tu ambavyo havijazoezwa. Na mazoezi hayo yanaanza ndani ya lupango, miaka mingi mbele ya kalasi.

Angalieni namna mkono unavyokua. Mtoto mchanga anakamata kitu na kiganja chote. Kati ya miezi 9 na 12, anaanza kuokota kitu kidogo na kidole gumba pamoja na kidole cha kuonyesha. Kwa miaka 2 anapandisha vipande vya mti kimoja juu ya kingine. Kwa miaka 3 anaweza kuiga duara. Kwa miaka 4 ao 5 wengi wanashika kreyo na vidole vitatu. Kwa hiyo, kumlazimisha mtoto wa miaka 3 kuandika herufi ni kuweka mabati mbele ya kusimamisha ukuta.

Mtauliza: « Pasta, tutatoa wapi makuta ya kununua vitu vya kuchezea? » Hatuhitaji duka. Mama, wakati unapika, mwite mtoto karibu nawe. Anyofoe majani ya sombe, achambue maharagi, atoe karanga katika maganda. Mezani afinyange mwenyewe kidonge chake cha bukari. Asubuhi afunge vifungo vya shati lake. Atakawia, ni kweli, umwache amalize. Nje apange vifuniko vya chupa, atunge shanga kwenye kamba, achore na kidole katika mchanga, acheze kisolo na wakubwa wake. Wale vijana wanaotengeneza vigari vya waya, msiseme wanapoteza wakati. Mikono yao iko kazini.

Lakini tuangalie mambo matatu.

Kwanza, mtoto wa chini ya miaka 3 hupeleka kila kitu kinywani. Maharagi, karanga na shanga vinaweza kumziba pumzi. Huyo umpe sahani, vijiko na vitambaa.

Pili, sisi tunakaa karibu na migodi. Katika mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini wako na kobalti nyingi katika mkojo wao, na zaidi watoto. Vumbi na udongo wa mikononi ni njia moja ambayo madini hayo yanapita. Basi, mtoto asichezee mawe ya madini, wala mchanga wa machimbo, wala magunia ya baba. Udongo wa kufinyanga utoke mahali pa mbali na kazi hizo, na mikono inawe na sabuni mbele ya kula.

Tatu, mtoto anayetumia mkono wa kushoto msimpige, ni namna yake. Lakini kama mtoto hajafika mwaka mmoja na anatumia mkono mmoja tu, wa pili unabaki umefungwa, mpelekeni kwa mganga bila kukawia.

Na nyinyi wababa, msiseme hiyo ni kazi ya wamama. Ukitoka kazini, oga kwanza, ubadili nguo, halafu keti dakika 10 na mtoto wako. Kata naye karatasi, funga naye kamba. Mafundo yake ya leo yatalegea. Kesho mrudilie tena.

Tuonane mwezi ujao.