Shindano la Kilwa Tulipokee

Wanachama wapenzi,

Wenzetu wa Kilwa wametuletea shindano. Wao watacheza ngoma kwao, sisi tucheze kwetu kisiwani, na kila upande utembeze kikapu. Fedha zitakazopatikana ziwasaidie vijana walionaswa na unga wapate kuuacha. Wako wanachama wasemao kwamba hili si jambo la chama cha karafuu. Sisi twaona ni letu hasa.

Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa, na wengi waliopitishwa pale waliishia katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, mpaka mkataba wa 1873 ulipoikataza biashara ile baharini. Katika zama zetu bahari hiyo hiyo imepitisha unga. Januari 2012 zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini mkoani Lindi. Mzigo wa namna hiyo haupiti wote. Mwingine hubaki pwani na visiwani, na wanaoangamia ni watoto wetu na wachumaji wetu. Katika nyumba nyingi jambo hili hufichwa. Mzazi huulizwa habari za mwanawe, akajibu kwamba amesafiri, na kijana yumo chumbani.

Njia ya kupona ipo. Tangu 2011 Hospitali ya Muhimbili inatoa dawa ya methadoni. Unguja nako, tangu 2009, zimekuwako nyumba za kupata nafuu, ziitwazo soba hausi, zinazoendeshwa na watu walioacha unga wao wenyewe. Lakini mtu hukaa humo miezi, naye hana budi kula na kulala. Jamaa wakishindwa kulipa, kijana hurudi alikotoka. Hapo ndipo kikapu kinapohitajiwa.

Wazee wetu wengine wanaogopa ngoma za kushindana, na hofu yao ina sababu. Ngoma ya Beni, iliyoanzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ilienea hadi Lindi. Watu wa Marini na watu wa Arinoti walishindana kwa sare, kwa matarumbeta na kwa karamu. Aliyetumia zaidi ndiye aliyesifiwa. Shindano hili liwe kinyume chake. Chuoni tulifundishwa kwamba kushindana katika kheri ni jambo jema, basi na tushindane kwa kile kitakachobaki kikapuni.

Kwa hivyo twapendekeza tulikubali kwa masharti matatu. Kwanza, pasiwe na sare mpya wala karamu. Pili, fedha zihesabiwe hadharani, zilipwe moja kwa moja kwa nyumba zinazowatunza vijana, na risiti zisomwe katika mkutano wa wanachama. Tatu, vijana waliokwisha kuacha unga wasitolewe uwanjani ili watazamwe. Anayetaka kucheza na acheze kama wenziwe.

Tena, kila mwanachama atie kikapuni thamani ya pishi moja ya karafuu. Asiyeweza kucheza kwa utu uzima, pishi yake itamchezea. Na mzazi mwenye kijana chumbani na aje atuone kwa faragha. Jina lake halitaandikwa katika ukurasa huu.

Wassalaam,
Katibu