Shamba la Mzee Litakuwa la Nani?

Wanachama wenzangu,

Najua yuko mtu atakayeuliza: Jarida hili ni la wakulima wa karafuu, na Songea si nchi ya mikarafuu. Mahindi na tumbaku ya bara yatuhusu nini sisi watu wa kisiwani? Namwomba ndugu huyo asome mpaka mwisho, kisha ahukumu.

Binti yangu ameolewa Songea. Nilikwenda kumtazama, nikakaa kwa mkwe wangu wiki tatu. Toka Dar es Salaam mpaka huko ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Nchi ni ya baridi na vilima, na mvua yao ni ya msimu mmoja tu, huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mtu akichelewa kupanda hana vuli ya kumwokoa. Mkoa huu wa Ruvuma leo ni mmoja wa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na ugali unaoliwa mijini mara nyingi umetoka kwenye majembe ya watu wale.

Jioni moja tulikuwa tumekaa nje, mkwe akanionyesha shamba lake kwa fimbo. Akasema, "Mkwe, hapa nimesomesha watoto sita. Mmoja ni mwalimu, mmoja amefuata mumewe, watatu wako Dar es Salaam na pikipiki zao. Aliyebaki ni huyu mdogo, naye kila siku atazama barabara. Sasa niambie, nikifa, shamba hili litakuwa la nani?"

Sikuwa na jawabu, kwa sababu swali hilo nimeliacha nyumbani kwangu Pemba halijajibiwa.

Tusidhani kuwa kuondoka kwa vijana ni jambo la jana. Wakati wa utawala wa Waingereza Songea ilikuwa mbali na soko, hapakuwa na njia nzuri, na kodi ilidaiwa kwa fedha. Wanaume wakaenda kwa maelfu kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge huko Tanga. Wenye mashamba ya mkonge waliunda hata ofisi yao ya kukusanya wafanya kazi, iliyoitwa SILABU, mwaka 1944. Wake na wazee wakabaki kulima. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli, wengine hawakurudi.

Kilichowazuia baadhi yao wasiondoke hakikuwa hotuba. Kilikuwa ni zao lenye fedha na chama cha kuliuza. Tumbaku ya kukaushwa kwa moshi ilipostawi, wakulima waliungana, na mwaka 1936 kikaandikishwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa jina la NGOMAT. Mtu mwenye bustani ndogo ya tumbaku aliweza kulipa kodi bila ya kupanda gari la Tanga. Hapo tujifunze jambo la kwanza: kijana hakai shambani kwa kusifiwa jembe. Hukaa akiona kuwa jembe lalipa, na kuwa anayelipwa ni yeye.

Jambo la pili ni chungu zaidi, nalo latuhusu sisi tulio katika chama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wachache wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ndugu Ntimbanjayo Millinga, walikwenda porini mahali paitwapo Litowa, wakaanza kijiji. Walishindwa kwanza kwa njaa, wakarudi tena. Wakalima pamoja, wakajenga nyumba na shule, na watoto wa shule ile wakasoma na kulima. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika jumuiya iliyoitwa Ruvuma Development Association. Walikuwa na mashine yao ya kusaga, na mambo yao waliyaamua wenyewe katika mkutano, kila mtu akisema. Mwalimu Nyerere aliwapenda, na mengi aliyoyaandika mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini yalikuwa yakionekana kwa macho huko Litowa. Lakini mwezi wa Septemba mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja jumuiya ile. Wakubwa wengine wa chama na serikali hawakupendezwa na wakulima wanaojiamulia mambo. Kisha ukaja wakati wa kuhamishia watu vijijini kwa amri, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima. Sheria ya kuvirudisha ilipita mwaka 1982, lakini mazoea ya wanachama kuuliza na kujibiwa hayakurudishwa na sheria.

Siyasemi haya ili kuchimbua makaburi ya siasa. Nasema kwa sababu nimeona kilichobaki. Chama kikiwa ni cha watu wa juu, mkulima hukiita "wao". Husema, "Wao wamechukua, wao hawajalipa." Chama kikiwa chake husema "sisi". Je, katika baraza zetu tunasema namna gani? Mkutano ukiitwa tunakwenda wangapi? Hesabu zikisomwa nani huinua mkono? Twapenda kulaumu ofisi, nasi tuliiachia ufunguo.

Sasa nije kwenye ardhi. Upande wa magharibi wa Songea iko milima ya Mbinga, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ile ile ya Songea. Huko wanakaa Wamatengo, na kilimo chao ni cha ajabu. Mwisho wa mvua hukata nyasi, wakazilaza chini kwa mistari inayokatana, mfano wa mkeka wenye miraba mikubwa. Kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kufukia nyasi zile. Mlima mzima hubaki una mashimo yaliyopangwa safu kwa safu, nao huyaita ngoro. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni yasiondoke na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Juu ya matuta hupanda maharage, na msimu unaofuata mahindi. Kwa desturi wanaume hukata na kulaza nyasi, na wanawake huchimba na kupanda. Kwa njia hiyo wamelima miteremko mikali miaka mingi, mahali ambapo kwa kilimo cha kawaida udongo ungalikwisha kwenda mtoni.

Lakini mimi kilichonishangaza zaidi si mashimo. Ni namna walivyoshika ardhi. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake cha mlima, tangu juu mpaka kwenye kijito, na kipande hicho huitwa ntambo. Zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, na hapo chakulani ndipo mambo ya shamba, ugomvi na malezi yalipoamuliwa. Baraza hilo huliita sengu. Hata mwenye neno dogo alilileta palipokuwa na sahani.

Nisiwadanganye kuwa mambo bado ni hivyo. Watu wamezidi, ntambo hazitoshi, na vijana wengi wameshuka kufungua mashamba mapya msituni, ambako miti hukatwa na ngoro hazichimbwi. Kahawa yao ilianguka bei, na chama chao kikuu kiliposhindwa katika miaka ya 1990 mbolea na dawa za mkopo zikakatika. Wenye mahindi nao wana yao. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi yasiyosagwa kuuzwa nje ya nchi, bei ilishuka na magunia yakalala majumbani. Mkulima aliyetegemea zao moja na mnunuzi mmoja alijuta. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea imekuwa na ruzuku ya serikali, nayo imewasaidia wengi, lakini ruzuku hutolewa na mwingine, na huondolewa na mwingine.

Tunaofanana nao ni nani kama si sisi? Baada ya Mapinduzi ya 1964 wazee wetu walipewa eka tatu tatu. Walifurahi, na ilikuwa haki. Lakini mzee aliyepewa eka tatu ameacha watoto, na watoto wameacha wajukuu. Eka tatu kwa watu kumi na wawili, hata tukigawa sawa, ni robo eka kwa mtu. Ijapokuwa ardhi ya eka ni ya serikali, sisi twagawana mikarafuu: huu wa fulani, ule wa fulani. Kila mmoja huja wakati wa kuchuma, na baada ya kuchuma hakuna anayejua nani apalilie. Mkarafuu ukifa, aliyerithi pale hapandi mwingine, maana mche utamchukua miaka mingi kabla ya kuchumwa, naye ana robo eka tu. Halafu huja mwenye haja ya fedha, akaleta shoka au akajenga kibanda. Hivyo shamba halikuuzwa wala halikunyang'anywa, lakini limekwisha.

Ndugu wengine watanijibu kuwa sheria ya mirathi imempa kila mrithi fungu lake. Ni kweli, na sisemi mtu aondolewe fungu lake, awe mwanamume au mwanamke. Ila fungu ni haki, na warithi wakiridhiana, haki hiyo yaweza kulipwa kwa kilo za karafuu au kwa fedha kila msimu. Si lazima ilipwe kwa kamba ya mpaka. Ndugu watano waweza kumweka mmoja wao awe mtunza shamba, apate ujira wa kazi yake kwanza, na kilichobaki kigawanywe kwa mafungu. Jambo hilo liandikwe, lishuhudiwe, na kila mwaka hesabu isomwe mbele ya wote. Wamatengo walikuwa na sengu; sisi tuna baraza na tuna kitanga cha chakula siku ya Idi. Kinachokosekana ni kutaja shamba mbele ya watoto kabla ya mzee kufa.

Na hapa nataka kusema neno ambalo wazee wenzangu hawatalipenda. Twasema vijana ni wavivu. Mimi nimemwuliza yule mtoto mdogo wa mkwe wangu kwa nini atazama barabara. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo yangu, Mzee, hupokelewa kila asubuhi. Lakini mahindi yakiuzwa sijaona hata karatasi." Nikanyamaza, kwa kuwa nilimkumbuka mwanangu. Alipanda juu ya mikarafuu yangu misimu minne, mchumaji wa kutoka mbali nikamlipa kwa pishi, na mwanangu nikamlipa kwa dua. Mwaka wa tano alivuka kwenda Dar es Salaam. Dua ni njema, lakini haimjengei kijana nyumba. Na mama zetu na binti zetu wanaokaa usiku kuchambua makonyo na kuanika majamvi, je, tumewahesabia nini?

Basi naweka mbele yenu mambo matatu, tuyazungumze katika matawi yetu.

Kwanza, kila mwanachama msimu huu amtengee kijana wake mikarafuu kadhaa ya kuitunza, na fedha yake iwe ya kijana. Atakaepanda mche leo awe ni yule atakayeuchuma.

Pili, kila nyumba iandike karatasi ya shamba: mikarafuu ni mingapi, warithi ni nani, nani mtunzaji, na mwanamke aliyechambua na kuanika alipwe nini. Chama kiweke nakala ofisini, ili siku ya msiba pasiwe na kelele.

Tatu, tusitegemee karafuu peke yake. Chini ya mikarafuu paweza kuota vanila, pilipili manga, mdalasini na hiliki. Aliyekuwa na mahindi tu mwaka 2017 atakueleza kwa nini.

Asubuhi niliyoondoka Songea mkwe alinisindikiza mpaka kituoni. Akaniambia kuwa usiku ule amemwita mtoto wake mdogo, wamekwenda kupima eka moja, na mahindi yake yatauzwa kwa jina la kijana. "Sijui kama atakaa," alisema, "lakini asiseme sikumwuliza."

Mimi nimerudi Pemba, na nimempigia simu mwanangu. Hajajibu kama atarudi. Ameuliza mikarafuu iliyo karibu na kisima bado imesimama? Nimemwambia imesimama, na minane kati yake tangu leo ni yake.

Wasalaam,
Mwanachama mwenzenu