Acheni kuabudu kaliba!

Leo naandika kwa hasira kidogo, mtanisamehe. Kuna ugonjwa umewapata baadhi ya ndugu zetu walioko Marekani, hasa kwenye majimbo ambako bastola inanunuliwa dukani kama sisi tunavyonunua jiko la gesi. Wakikutana siku hizi hawabishani Simba na Yanga. Wanabishana kaliba. Nani ana 9mm, nani ana .40, na nani "mwanaume kweli" mwenye .357 Magnum au 10mm Auto. Hitimisho ni lile lile kila siku: ukitaka kujilinda, nunua risasi yenye nguvu kuliko zote unazoweza kuzibeba, maana hizo ndogo zinamkasirisha mwizi tu.

Mimi nasema huo ni uongo, na ni uongo unaoweza kumuua mtoto wa jirani.

Aliyenichokoza ni rafiki yangu mmoja tuliyesoma pamoja, sasa yuko Texas. Anakaa ghorofa ya pili kwenye nyumba za kupanga, ana mke na watoto wawili. Jirani yake alivunjiwa mlango usiku, naye wiki ile ile akaenda dukani akatoka na bastola ya 10mm. Hofu yake naielewa. Mwenye watoto akisikia mlango wa jirani umevunjwa, halali. Ninachogombana nacho ni kile alichouziwa. Aliniandikia kwa fahari kwamba risasi yake ina nguvu karibu mara mbili ya ile ya polisi. Nikamuuliza, umeshapiga ngapi? Akajibu sanduku moja, risasi hamsini, halafu mkono ukauma akaiweka kabatini. HAMSINI! Dereva wa bodaboda anafanya mazoezi zaidi ya hayo kabla hajapakia abiria.

Tuwape haki yao kwanza hawa wapenzi wa nguvu, maana wana historia nzuri. .357 Magnum ilitolewa na Smith & Wesson mwaka 1935, enzi ambazo majambazi wa Marekani walikuwa wanakimbia kwa magari na polisi walikuwa wanalalamika kwamba .38 Special zao hazipenyi bati la gari. Wakalirefusha ganda la .38 kwa milimita 3 na ushee, ili lisije likaingia kwenye bastola za zamani likazipasua, wakaongeza baruti. Kiwanda kilijigamba kwamba risasi ya gramu 10 inatoka kwenye mtutu mrefu kwa mita 450 na zaidi kwa sekunde, wakati .38 ya kawaida haifiki 300. Bastola ya kwanza akapewa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI. Jenerali Patton naye akajinunulia yake mwaka huo huo, yenye mpini wa pembe za ndovu. Uzuri mmoja wa kweli wa .357 ni kwamba bastola yake inakula .38 pia. Shikeni hilo, nitalirudia.

10mm yenyewe ilikuja mwaka 1983 na bastola iitwayo Bren Ten, ambayo Jeff Cooper, mwalimu mashuhuri wa shabaha, alikuwa na mkono wake katika kuibuni. Waliotazama "Miami Vice" waliiona mkononi mwa Sonny Crockett. Kiwanda kilifilisika mwaka 1986 na wateja wengine walikuwa wameletewa bastola bila magazini! Risasi ikaokolewa na Colt, waliotoa bastola ya kwao ya 10mm mwaka 1987.

Kwa hesabu za makaratasi hakuna ubishi. 9mm ina kama jouli 500, .357 inapita 700, 10mm iliyojazwa sawasawa inapita 850, na .44 Magnum, ile ya Dirty Harry kwenye sinema ya 1971, inapita 1,200. Muuza duka anakusomea namba hizo, wewe unasikia "usalama" ukipanda kwa jouli.

Sasa twende Miami, maana hekaya yote hii inaegemea huko.

Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa 8 wa FBI waliwabana majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix, kwenye mtaa wa kawaida kabisa wa makazi kusini mwa Miami. Yalipigwa mapambano yasiyofika dakika 5, zikafyatuliwa risasi karibu 145. Maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, wakauawa, wengine watano wakajeruhiwa. Mapema katika pambano hilo Platt alipigwa risasi ya 9mm. Ilipita kwenye mkono wake wa kulia, ikaingia kifuani, ikatoboa pafu, na kusimama kama inchi moja tu kabla ya moyo. Jeraha lile lilikuwa la kifo. Lakini Platt hakufa papo hapo. Aliendelea kupiga na bunduki yake ya Ruger Mini-14, na ndipo alipowaua wale maofisa.

Kutokana na inchi hiyo moja likazaliwa somo ambalo kila muuza bastola analijua kwa moyo: 9mm iliwaangusha FBI, tunahitaji kitu kikubwa zaidi. Mimi ni mwandishi wa habari, na kazini tumefundishwa kuuliza habari iliishaje. Hii iliishaje? Ofisa Edmundo Mireles, mkono wake wa kushoto umesagwa na risasi, alifyatua shotigani kwa mkono mmoja mara tano, kisha akainuka, akatembea mpaka kwenye gari walimokuwa wale majambazi, akawapiga kwa bastola kwa karibu. Bastola yake ilikuwa ya .357 Magnum, sawa. Ndani yake mlikuwa na risasi za .38 Special! Ile dhaifu, ile ya babu, ile inayochekwa. Platt alikutwa na majeraha 12 ya risasi, Matix 6. Kilichomaliza vita ni mtu aliyesogea karibu na kupiga panapotakiwa. Mbona sehemu hii haisimuliwi dukani?

FBI wenyewe walikwenda maabara. Ripoti yao ya mwaka 1989, iliyoandikwa na Urey Patrick, inaeleza kwa lugha kavu mambo ambayo sinema haziyataki. Risasi ya bastola haimrushi mtu nyuma. Inamsukuma kwa nguvu isiyozidi ile inayomsukuma mpigaji mwenyewe, na kama ingekuwa inarusha, wewe uliyeishika ungeruka pia. Kinachomsimamisha mtu hapo hapo ni kuguswa ubongo au sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Pengine pote inabidi damu imwishe, na hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo bado una oksijeni ya kumwezesha kutenda kwa hiari yake sekunde 10 hadi 15. Hesabuni polepole: moja, mbili, tatu... Muda huo mtu anafyatua magazini nzima. Kwa hiyo wakadai risasi ipenye vya kutosha kufika ndani, kati ya inchi 12 na 18 kwenye jeli ya kupimia. Zaidi ya hapo, jouli za ziada ni kelele na teke.

Kweli, wakaichagua 10mm. Lakini sikilizeni kichekesho: mzigo waliouchagua ulipunguzwa baruti, risasi ya gramu 12 hivi ikienda chini ya mita 300 kwa sekunde, kwa sababu hiyo ilitosha kufikia kina walichotaka na ile kali ilikuwa inawashinda watu mkononi. Watengenezaji wakaona, kama baruti ni kidogo hivi, ganda refu la nini? Wakalikata, na Januari 1990 ikatoka .40 S&W. FBI wakahamia hiyo mwaka 1997. Halafu mwaka 2014 idara yao ya mafunzo ikaandika waraka wa kurudi... wapi? 9mm! Sababu: risasi za kisasa za 9mm, zile zenye tundu puani zinazofunguka zikiingia mwilini, zinafika kina kile kile, majeraha hayana tofauti ya maana, magazini inabeba nyingi zaidi, na maofisa wengi wanapiga haraka na kwa usahihi zaidi. Mwaka 2016 wakasaini mkataba na Glock. Miaka 30 tangu Miami, mabingwa wenyewe wamezunguka wakarudi mlangoni walipotokea, na rafiki yangu ndiyo kwanza anafunga safari.

Najua nitajibiwa na takwimu za Evan Marshall na Edwin Sanow. Kitabu chao cha mwaka 1992 kiliipa .357 ya grein 125 zaidi ya asilimia 90 ya "kusimamisha kwa risasi moja", na namba hiyo bado inatembea mitaani kama aya. Tatizo liko kwenye namna ya kuhesabu. Walichukua visa vya waliopigwa risasi MOJA tu kiwiliwilini. Sasa kama ya kwanza ilishindwa na mpigaji akaongeza ya pili na ya tatu, kisa hicho kinatolewa kwenye hesabu. Yaani unawafukuza waliofeli, kisha unatangaza kwamba shule yako imefaulisha! Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani aliyeongoza maabara ya majeraha ya risasi kule San Francisco, aliwapinga sana, lakini majarida ya bunduki yanaishi kwa matangazo ya wauza bunduki. Nipo kwenye kazi hii, najua tangazo linavyoingia kwenye makala kwa mlango wa uani.

"Lakini tundu kubwa si ni kubwa tu?" Kwa tofauti ya milimita moja, ndiyo, lina ukubwa wa milimita moja. Unailipia kwa teke linalonyanyua mtutu, kwa muda unaopotea kurudi kwenye shabaha, na kwa risasi ghali zinazokufanya usifanye mazoezi. Hapo ndipo nguvu inapogeuka udhaifu. Mtu anayeiogopa bastola yake anafumba macho kabla ya kufyatua, na mkono unashuka. Walimu wa shabaha wanalijua hilo siku ya kwanza.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Zile kuta za huko ni mbao na jipsamu, na risasi yoyote ya bastola ya kujilindia, hata 9mm, inapita kuta kadhaa za aina hiyo. Waraka ule ule wa FBI wa 2014 unasema polisi wa Marekani katika mapambano hukosa kati ya asilimia 70 na 80 ya risasi wanazopiga. Hao ni watu waliofunzwa na wanaolipwa mshahara. Kwa hiyo mtu wa sanduku moja, usiku wa manane, usingizi machoni, mkono unatetemeka, atakosa ngapi? Nyuma ya ukuta wa chumba cha rafiki yangu inalala familia ya Wakongo yenye kichanga. Mlio nao, ndani ya chumba kilichofungwa, unapita desibeli 140 ambazo wataalamu wanasema zinatosha kuharibu sikio. Atakayemwita mke wake baada ya risasi ya kwanza huenda asisikie jibu.

Na kuna swali ambalo mabishano ya kaliba yanalifunika kabisa: bastola hiyo inakaa wapi saa nyingine zote ambazo hakuna mwizi? Mwaka 2021 Marekani walikufa watu 48,830 kwa risasi, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Jouli hazimwulizi aliyezishika ni nani. Kabati la nguo si mahali pa bastola penye watoto, iwe ya kaliba gani.

Msinielewe vibaya, risasi kubwa ina kazi yake. Askari wa Denmark wa doria ya Sirius, wanaozunguka kaskazini mwa Greenland na sledi za mbwa, wanabeba Glock ya 10mm kwa ajili ya dubu wa barafuni. Huko sina neno! Mnyama wa kilo 400 mwenye mafuta na misuli anahitaji risasi nzito inayopenya sana, na nyuma yake hakuna jirani, kuna barafu tu. Tatizo ni kuchukua dawa ya dubu ukaileta kwenye korido ya nyumba ya kupanga Texas, ambako atakayekuja ni kijana wa kilo 70, au shemeji aliyesahau ufunguo.

Kwa aliyekwisha kununua .357, sitamwambia aitupe. Atie .38 Special nzuri ndani yake, anunue sanduku la chuma lenye kufuli, na ile pesa ya kujigamba aipeleke uwanja wa shabaha kila mwezi. Mwenye 10mm atafute mtu anayehamia Alaska amuuzie.