Mambo ya Dunia: Nchi Ndogo Iliyokuwa na Majeshi Mengi

Wasomaji wetu, juma hili twende pamoja mpaka Austria, nchi ya milima iliyo katikati ya Ulaya. Si nchi kubwa, na wengi wetu huisikia kwa nadra. Lakini katika miaka ishirini iliyo baina ya Vita Vikuu viwili, yaani tangu 1918 mpaka 1938, watu wake walipatwa na mambo ambayo yafaa kila mkulima na kila karani ayajue. Ni habari ya nchi ambamo kila chama kilijifanyia jeshi lake, na siku adui alipobisha mlangoni halikupatikana jeshi hata moja la kumzuia.

Kabla ya 1914 Austria haikuwa ndogo. Ilikuwa moyo wa dola kubwa ya wafalme wa ukoo wa Habsburg, yenye watu zaidi ya milioni 50 na lugha nyingi. Dola hiyo iliposhindwa vitani mwaka 1918 ilivunjika kama chungu. Wacheki, Wapoland, Wahungaria na watu wa Yugoslavia kila mmoja alishika njia yake. Waliobaki ni watu kama milioni sita na nusu, wasemao Kijerumani, pamoja na mji mkuu wa Vienna uliokuwa na watu karibu milioni mbili. Mashamba mengi ya ngano na machimbo ya makaa ya mawe yaliyoulisha na kuupasha moto mji huo sasa yalikuwa katika nchi za wengine. Njaa ikaingia mjini.

Basi swali la kwanza la nchi hiyo mpya lilikuwa hili: sisi ni nani? Wengi hawakuamini kwamba nchi iliyokatwa namna ile ingeweza kuishi peke yake. Tarehe 12 Novemba 1918 walipotangaza jamhuri waliiita Austria ya Kijerumani, wakasema ni sehemu ya Ujerumani. Lakini mkataba wa amani uliotiwa sahihi Saint-Germain mwaka 1919 ulikataza muungano huo pasipo idhini ya Shirika la Mataifa. Hivyo watu wakapewa nchi ambayo wengi wao hawakuiomba. Mmoja alijiita Mjerumani, mwingine alimlilia mfalme, mwingine alisema taifa lake ni wafanya kazi wa dunia nzima. Waliosema kwa moyo mmoja, "Sisi ni Waaustria, na hii ndiyo nchi yetu," walikuwa wachache.

Silaha zilitoka wapi? Zilirudi nyumbani na askari. Jeshi la mfalme lilipovunjika, kila mtu alikwenda kwao, na wengi walikwenda na bunduki zao. Huko vijijini wakulima walifanya vikosi vya kulinda mazao na mifugo dhidi ya wezi na watu wenye njaa. Katika jimbo la Carinthia, upande wa kusini, vikosi kama hivyo vilipigana na askari wa Yugoslavia mwaka 1918 na 1919, mpaka watu wenyewe walipopiga kura Oktoba 1920, na kama 59 katika kila mia wakachagua kubaki Austria. Vikosi hivyo viliitwa Heimwehr, maana yake ulinzi wa nyumbani. Na kwa kweli mwanzo wake ulikuwa huo, ulinzi wa nyumbani.

Lakini mpaka ulipotulia, bunduki hazikurudishwa. Matajiri wenye viwanda waliona kwamba wakulima wenye silaha wangeweza kuwatisha wafanya kazi wa mijini, nao wakatoa fedha. Wafanya kazi nao hawakulala. Mwaka 1923 chama chao cha Wasoshalisti kiliunda jeshi lake, likaitwa Schutzbund, yaani umoja wa kuilinda jamhuri. Kila upande ulisema, "Mimi nimeshika bunduki kwa sababu yule ameshika." Na kila upande ulisema kweli! Mkataba wa amani uliruhusu Serikali kuwa na askari 30,000 tu, na kila moja la majeshi hayo ya vyama lilikuwa na watu wengi kuliko hao.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hasa wa shamba na mji. Wasoshalisti walitawala Vienna. Walitoza kodi wenye mali, wakawajengea wafanya kazi nyumba zipatazo 60,000. Vijijini watu walikuwa Wakatoliki washika dini, nao walikifuata Chama cha Kikristo kilichoongozwa na padre mmoja, Ignaz Seipel, ambaye mara mbili alikuwa Kansela, yaani mkuu wa Serikali. Mkulima aliambiwa kwamba watu wa mjini watamnyang'anya shamba na kulifunga kanisa. Mfanya kazi aliambiwa kwamba watu wa mashambani watamrudisha utumwani. Siku za Jumapili majeshi hayo yalipita barabarani kwa ngoma na bendera, watu wa Heimwehr wakiwa wamevaa kofia zenye manyoya ya jogoo wa porini, na mara nyingi upande mmoja ulichagua kwa makusudi kupita penye nyumba za upande wa pili.

Ndivyo ilivyotokea tarehe 30 Januari 1927 katika kijiji cha Schattendorf, karibu na mpaka wa Hungaria. Watu wa kikundi kimoja cha askari wa zamani, maadui wa Wasoshalisti, walipiga risasi kutoka nyumba ya wageni wakati maandamano ya Schutzbund yalipokuwa yakipita. Wakamwua mtu mmoja aliyerudi vitani akiwa na kilema, na mtoto mdogo wa kiume. Watu watatu wakashtakiwa. Tarehe 14 Julai, katika mahakama ya Vienna, raia walioitwa kusikiliza kesi na kuamua waliwaona hawana hatia, wakaachiliwa.

Asubuhi ya pili wafanya kazi wa Vienna waliacha kazi wakamiminika mjini. Hawakuwa wameamriwa na viongozi wao, wala viongozi hawakuweza kuwazuia. Walilichoma moto jumba kuu la mahakama. Polisi wakapewa bunduki, wakapiga. Ghasia zilipokwisha, watu zaidi ya 80 walikuwa wamekufa, wengi wao wakiwa raia tu.

Hebu tuifikiri siku hiyo. Mtu aliyefiwa alikwenda mahakamani kwa haki, akaamini kwamba amerudishwa mikono mitupu. Aliyekasirika aliichoma mahakama yenyewe, ambayo kesho angeihitaji. Na aliyetakiwa kulinda amani aliua watu ambao hawakuwa na silaha. Tangu siku hiyo kila upande ulikuwa na makaburi ya kuonyesha, na mwenye makaburi huwa mgumu wa kusikia shauri.

Heimwehr wakazidi kupata nguvu. Tarehe 18 Mei 1930, katika mji wa Korneuburg, kiongozi wao mmoja wa jimbo la Tyrol, Richard Steidle, aliwasomea kiapo kilichokataa utawala wa Bunge na vyama. Mwaka huo huo mkuu wao akawa Ernst Rüdiger Starhemberg, kijana wa ukoo wa kifalme. Hata hivyo katika uchaguzi wa Novemba 1930 walipata viti 8 tu kati ya 165. Watu waliogopa bunduki zao, lakini hawakuwapa kura. Septemba 1931 Walter Pfrimer, kiongozi wao wa jimbo la Styria, alijaribu kuipindua Serikali kwa nguvu. Jaribio hilo lilizimika upesi, na Desemba mahakama ya Graz ikamwachilia. Mwaka huo huo benki kubwa ya Creditanstalt ilianguka, na kufika 1933 watu zaidi ya nusu milioni hawakuwa na kazi.

Wakati huo Kansela alikuwa Engelbert Dollfuss, mtu mfupi wa kimo, mtoto wa familia ya wakulima. Katika Bunge alikuwa na wingi wa kura moja tu. Tarehe 4 Machi 1933 palitokea ubishi juu ya kura moja, na wasimamizi watatu wa Bunge wakajiuzulu mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya hila za kuhesabu kura. Dollfuss akasema Bunge limejifunga lenyewe. Wabunge walipotaka kukutana tena, walikuta polisi. Tangu hapo alitawala kwa sheria ya zamani ya wakati wa vita, ya mwaka 1917. Alilipiga marufuku jeshi la Schutzbund, na baadaye chama cha Wanazi. Mlinzi wake wa nje akawa Mussolini wa Italia, na wa ndani wakawa Heimwehr.

Tarehe 12 Februari 1934 polisi walikwenda kutafuta silaha katika nyumba ya Wasoshalisti mjini Linz. Waliokuwamo walikataa, wakapiga risasi. Vita vikaenea mpaka Vienna, na Serikali ikaleta mizinga ikayapiga majumba ya wafanya kazi, pamoja na lile kubwa liitwalo Karl-Marx-Hof, lililokuwa na wake na watoto ndani. Kwa siku chache mamia ya watu walikufa, na wengi walitiwa gerezani au walikimbia nchi. Watu tisa walinyongwa. Mmoja wao, Karl Münichreiter, alikuwa amejeruhiwa vibaya hata ikabidi achukuliwe kwa machela mpaka penye kitanzi.

Dollfuss alishinda, lakini ushindi huo ulimgharimu nusu ya watu wake. Tarehe 25 Julai mwaka ule ule Wanazi waliovaa nguo za jeshi la Serikali waliingia ofisini mwake wakamwua kwa risasi. Mussolini alipeleka askari mpakani, na Hitler akarudi nyuma kwa wakati huo. Kurt von Schuschnigg akashika mahali pa Dollfuss. Yeye aligombana na Starhemberg, akamtoa Serikalini, na mwaka 1936 akavunja jeshi la Heimwehr. Mussolini naye alikwisha kufanya urafiki na Hitler. Nyumba ikabaki bila mlinzi.

Machi 1938 Schuschnigg aliita kura ya watu wote ili waseme kama wanataka Austria huru. Siku chache kabla yake wajumbe wa wafanya kazi walikuwa wamemwendea, wakasema wako tayari kumsaidia wakirudishiwa haki zao. Walizungumza, lakini saa zilikwisha pita. Tarehe 11 Machi, baada ya Hitler kutishia vita, Schuschnigg alijiuzulu, akatangaza katika redio kwamba wanashindwa na nguvu, kwa kuwa hawako tayari kumwaga damu ya Kijerumani. Angalieni neno hilo! Hata yeye aliyeilinda Austria aliihesabu kuwa ya Kijerumani. Lile swali la 1918 lilikuwa halijajibiwa. Kesho yake askari wa Hitler waliingia pasipo kupigwa risasi hata moja, na watu wengi sana waliwashangilia. Waliolipa kwanza ni Wayahudi wa Austria, ambao kama 65,000 waliuawa katika miaka iliyofuata.

Na wale wakuu wa majeshi ya vyama je? Pfrimer aliwafuata Wanazi, akapewa kiti katika Bunge la Hitler. Lakini Richard Steidle, aliyesoma kiapo cha Korneuburg, alikufa mwaka 1940 katika kambi ya Wanazi ya Buchenwald. Meja Alexander Eifler, aliyekuwa mpangaji wa vita wa Schutzbund, alikufa Januari 1945 katika kambi ya Dachau. Kwa miaka mingi kila mmoja alidhani adui yake mkubwa ni yule mwenzake.

Katika Dachau hiyo hiyo alifungwa Leopold Figl, mkuu wa chama cha wakulima, ambaye zamani naye aliongoza kikosi cha vijana wa Kikatoliki. Alipelekwa katika kundi la kwanza la wafungwa, Aprili 1938, pamoja na Wasoshalisti ambao asingekubali kuketi nao meza moja. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Figl akawa Kansela, na Wasoshalisti wakaingia katika Serikali yake. Safari hii hapakuwa na majeshi ya vyama. Mwaka 1955 nchi yao ilipata uhuru wake kamili, na Figl, akiwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, ndiye aliyetia sahihi mkataba kwa niaba ya Austria.

Wahenga wetu walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Walimwambia jirani mwema asiingie katika ugomvi wa ndugu. Waaustria walisahau kwamba si kila jirani ni mwema. Wao walipogombana, jirani yao hakwenda kulima. Alikaa mpakani na kapu mkononi, akangoja.