Ushauri nasaha pekee hauondoi uchungu

Yako maneno ambayo, yakishazoeleka, huitawala kazi yenyewe yanayoitaja. Mojawapo ni "ushauri nasaha". Shauri ni maoni ampayo mtu mwenzake. Nasaha, neno lililotujia kutoka Kiarabu, ni maonyo mema. Tumeyaunganisha maneno mawili yenye maana iliyo karibu kuwa moja, na mwananchi anayeambiwa aende akapate ushauri nasaha hutarajia kuelezwa la kufanya. Mfiwa huambiwa avute subira, mlevi huambiwa aache mnazi, na mke aliyeteswa huambiwa asamehe. Mtoa nasaha huenda zake ameridhika, naye mpewa nasaha hurejea nyumbani na uchungu wake vile vile.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Huku kwetu Barani tumepatwa na msiba ambao haukuwahi kuonekana. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Malindi, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha mbinguni. Jamaa walifika Malindi kutafuta watu wao, na Shirika la Msalaba Mwekundu likawapokea na kuwafariji. Hata hivyo, ni mpaka Machi 2024 ambapo familia za kwanza zilianza kukabidhiwa miili baada ya uchunguzi wa DNA. Kwa muda wa karibu mwaka mzima watu waliishi bila kaburi na bila hanga. Anayewajua Wagiriama anajua uzito wa jambo hilo.

La kusikitisha zaidi ni namna tulivyowatendea walionusurika. Mnamo Juni 2023, watu 65 miongoni mwao walifikishwa mahakamani Shanzu kwa shtaka la kujaribu kujiua, kwa sababu walikataa kula. Baadaye, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ni wa haki. Lakini kumwondolea mtu shtaka ni jambo moja, na kumtibu ni jambo jingine.

Ipo tiba ya mazungumzo inayoelekezwa kwenye hisia, ambayo ilikuzwa tangu miaka ya 1980 na Leslie Greenberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefundisha Chuo Kikuu cha York, Toronto, pamoja na wenzake. Ni tiba ya muda mfupi. Katika majaribio waliyoyafanya kwa watu wenye sonona, yaani huzuni iliyokithiri, mgonjwa alipata vikao 16 hadi 20 hivi, kimoja kila wiki. Msingi wake ni kwamba hisia inayoonekana huenda ikawa pazia la hisia nyingine. Hasira yaweza kufunika huzuni, na huzuni ikafunika aibu. Ukilishughulikia pazia peke yake, chanzo hubaki palepale.

Tuseme kuna baba ambaye mkewe aliwachukua watoto akaenda nao msituni, wasirudi. Leo baba huyo hunywa, hugombana na wakwe na hapatani na majirani. Nasaha itamwambia aache ulevi na ugomvi. Tabibu wa hisia hatamkemea wala hatamharakisha. Atamwuliza hasira ile anaihisi wapi mwilini, na ikipoa kidogo, chini yake kuna nini. Pengine ataikuta fedheha ya mzazi anayejiona hakuwalinda wanawe. Hapo ndipo penye kidonda. Kisha huenda akamwekea kiti kitupu mbele yake, amwambie mtoto aliyepotea yale ambayo hakuwahi kumwambia.

Wapo watakaosema huo ni uzungu. Sikubaliani nao. Wagiriama huwachongea vigango wazee wa Gohu waliofariki, na huzungumza na koma wao kama mtu azungumzaye na aliye hai. Kiti kitupu hakitawashangaza. Lugha zetu nazo zimekwisha kuliona jambo hili. Katika Kiswahili, uchungu ni ladha ya shubiri, ni maumivu ya mja mzito anayejifungua, ni huzuni ya mfiwa, na ni hasira ya aliyedhulumiwa. Wagiriama nao wana utsungu wao. Mtu akisema ana uchungu, tabibu anayeijua lugha atamsaidia kupambanua ni uchungu upi. Asiyeijua ataandika neno moja la Kiingereza kwenye faili, na mlango utakuwa umefungwa.

Sidai kwamba tiba hii ni dawa ya kila ugonjwa. Aliyekosa shamba hatalipata kwa kulia mbele ya tabibu, na wapo wagonjwa wanaohitaji daktari na dawa. Wala sidai kwamba tunao wataalamu wa kutosha. Lakini utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba wanawake wa Nairobi waliopitia dhuluma walipata nafuu kwa vikao vitano tu, vilivyoendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo. Tiba yao ilikuwa ya namna nyingine, iliyolenga kukabili matatizo. Bali inatuonyesha kwamba tiba fupi, mikononi mwa watu wa kawaida wenye usimamizi mzuri, inawezekana hapa nchini.

Basi napendekeza mambo mawili. Kwanza, serikali ya Kaunti ya Kilifi iwafunze wahudumu wa afya wa vijijini, kuanzia Chakama na Langobaya hadi Ganze, tiba fupi za mazungumzo, kwa Kiswahili na Kigiriama, chini ya usimamizi wa wataalamu. Pili, tuliache neno "ushauri nasaha" libaki kwa wazee na walimu, na kazi hii tuiite tiba ya hisia, ili anayekwenda ajue kwamba anakwenda kusikilizwa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini ni nani atakayeufichua uchungu wake mbele ya mtu ambaye tayari amefungua kinywa kumwonya?